BARUA YA MSAFIRI KIJANA: Usiku wa Tokyo



Nilifika Kabukicho, mtaa wa starehe katika Shinjuku mjini Tokyo, yapata saa tano za usiku. Kwa wingi wa taa, ungedhani ni adhuhuri. Kijana mmoja aliyevaa suti alinifuata, akinisifia baa yenye vinywaji rahisi. Wakati huohuo vipaza sauti vya mtaani vilikuwa vikiwaonya watu wasiwafuate wavuta wateja, kwani wengi huitwa kwa bei ndogo, kisha hudaiwa fedha nyingi mno. Masikio yangu yalisikia. Miguu ilikuwa imekwisha kutamani.

Tena muda ulikuwa mfupi. Treni za mwisho huondoka karibu na saa sita au saba za usiku, na za kwanza huanza yapata saa kumi na moja alfajiri. Aliyechelewa huweza kulala katika hoteli ya vijumba, kila kimoja kikiwa na nafasi ya mtu mmoja kujinyosha tu. Hoteli hizo zilianzia Osaka mwaka 1979.

Ndipo nilipoona taa nyekundu mlangoni mwa koban, kituo kidogo cha polisi cha mtaa. Vituo hivyo vilianza Tokyo mwaka 1874. Askari alifunua ramani, akanionyesha njia ya stesheni kwa kidole, bila kunikaripia. Wajapani humwita askari wa namna hiyo omawari-san, yaani bwana mzungukaji.

Ndugu zangu mnaovaa sare, mgeni aliyepotea humkimbilia askari akijua kwamba hatatukanwa.