Karani Aliye Ng'ambo ya Mpaka

Ndugu wanachama, twasikia hapa Chumbageni watu wakinena kuwa afisa wetu akaaye Lunga Lunga, katika nchi ya Kenya, amekwenda kukaa bure kwa watu. Neno hili twalikataa.

Msafiri atokaye Tanga hupita Horohoro bila kusimama. Ng'ambo hugongewa muhuri wa kutoka na afisa wetu, kisha wa kuingia na afisa wa Kenya, chini ya paa moja. Ajaye huku hufanyiwa vivyo Horohoro. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yampa kila afisa ruhusa ya kutumia sheria za kwao katika eneo la jirani. Basi hakukaa bure. Amebeba sheria yetu.

Wengine huuliza, mbona magendo yapo? Twajibu: mwenye magendo haji dirishani. Hupita njia za panya, na bandari bubu za pwani ya Mkinga. Kumlaumu karani kwa mzigo uliopita porini ni kumpiga bawabu kwa mwizi aliyetoboa ukuta.

Lakini karani naye na asikie. Akila rushwa kwao hujiaibisha. Akiila ugenini hutuaibisha sote mbele ya jirani. Wazee wetu walioanzisha chama cha watumishi Waafrika hapa Tanga mwaka 1922 walitaka karani aheshimiwe. Heshima hiyo hailindwi kwa barua tu, bali kwa mikono safi.

Aliye ng'ambo ni uso wetu. Tusiutemee mate, wala yeye asiupake masizi.