Daftari la duka laweza kufungua ajira mpya

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu wa siku nyingi wafanyabiashara huutumia kuwahimiza vijana wao wa dukani waandike mauzo. Wachache hutambua kuwa una upande wa pili. Daftari likitunzwa kila siku hulinda mali, na pia humjengea mwenyewe ujuzi ambao watu wengine wako tayari kuulipia.

Somo hili liliwafikia Watanzania kwa ukali miaka ya 1990. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa, maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa kazini na wengi wakaingia katika biashara ndogo ndogo, kiinua mgongo kikiwa mkononi. Wapo ambao fedha hiyo iliyeyuka bila wao kujua ilikopita. Mtaji walikuwa nao, ila tabia ya kuupima hawakuwa nayo.

Mfano wa muuza mitumba unatosha kueleza jambo lenyewe. Aandike kila jioni mambo matatu kwa siku 30: fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, na saa zilivyotumika. Mwisho wa mwezi anaweza kukuta kwamba belo la mashati limemwachia faida ya sh. 60,000, na lile la suruali, alilodhani ndilo linalomlisha, sh. 20,000 tu. Anaweza kukuta pia kwamba saa mbili za kila asubuhi huishia katika kutafuta chenji na kufuata mzigo mdogo mdogo. Akiandaa chenji usiku na kununua mzigo siku moja kwa wiki, anaokoa saa nyingi. Kwa wiki ya siku sita za kazi, saa mbili kila siku ni saa 12. Hapo ndipo kazi mpya inapoanzia, maana saa 12 kwa wiki zinatosha kusoma.

Jambo hili si geni duniani. Benjamin Franklin alikuwa mpiga chapa mjini Philadelphia, Marekani. Aliigawa siku yake kwa ratiba na kujiwekea alama za makosa katika kijitabu. Mwaka 1748, akiwa na miaka 42, alimwachia mshirika wake uendeshaji wa kiwanda, akaingia katika utafiti wa umeme na baadaye akawa balozi nchini Ufaransa. Mwenyewe alikiri kwamba utaratibu ndio uliomsumbua sana. Mfanyabiashara anayekosa kuandika siku moja asikate tamaa, ila asiache siku ya pili.

Mwenye daftari safi huonekana na wenzake. Katika VICOBA ndiye anayepewa kutunza hesabu, kwa kuwa za kwake hazina ubishi. Baada ya kikundi chake huja cha jirani, kisha maduka ya mtaani. Mahitaji yapo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilimtenganisha mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mwaka 2010 zikaja mashine za EFD, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikaviingiza vikundi vya akiba na mikopo katika usajili. Mwenye duka aliyekadiriwa kodi kubwa kwa kukosa kumbukumbu ataona ni nafuu kumlipa mtu aje kila Jumamosi kumpangia hesabu.

Wapo wanaosema kwamba kazi hupatikana kwa vyeti na kwa kujuana, na kwamba tabia njema haijamwajiri mtu. Wana sehemu ya haki. Uhasibu ni taaluma inayolindwa na sheria, na anayetaka kuitwa mhasibu hana budi kupita kwenye mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Lakini mitihani hiyo inataka muda wa kusoma, na muda huo haupati mtu asiyejua siku yake inavyokwisha. Cheti bila tabia nacho hakifiki mbali, kwani mwenye duka hatampa ufunguo wa kasha mtu anayechelewa kila Jumamosi.

Mwekezaji mdogo naye ana lake hapa. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze mauzo Aprili 1998, kampuni zilizoorodheshwa zimetakiwa kutangaza hesabu zao. Aliyezoea kutofautisha mauzo na faida mezani kwake hadanganyiki kirahisi na tarakimu kubwa za mauzo katika taarifa ya kampuni.

Tahadhari moja haina budi kutolewa. Kuacha meza kwa sababu ya mteja mmoja wa hesabu ni kamari. Daftari lile lile ndilo liamue: kazi mpya iwe na ukurasa wake, na mapato yake yakiishinda faida ya meza kwa miezi sita mfululizo, hapo mtu ahame. Yasipoishinda, hajapoteza kitu, maana meza ipo, na sasa inaendeshwa na mtu anayejua kila shilingi ilipo.