Jumapili Zangu Zilikuwa Ada

Binti mmoja anayesoma unesi hapa Uingereza ameniandikia. Yuko mwaka wa pili, na usiku badala ya kufungua vitabu anafungua laptopu na kutengeneza programu ndogo ndogo. Anasema anajiona kama anamwibia mtu. "Dada, niache unesi nifuate kompyuta?" Nimekaa na swali lake wiki mbili, maana niliwahi kujiuliza hilo hilo.

Mimi ugonjwa huu niliupata nyumbani, kabla sijapanda ndege. Nilikuwa na diploma mpya mkononi, nimepangiwa kituo cha afya mkoani Tanga, na kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunajifungia na vitabu vya MTUHA. Aliyefanya kazi Tanzania anavijua: rejesta kubwa kama meza, unahesabu wagonjwa mmoja mmoja kwa kalamu, wa chini ya miaka mitano huku, wakubwa kule, na jumla ikikataa kulingana unaanza upya. Kituo kilikuwa na kompyuta moja yenye Excel. Nikajifunza fomula moja, kisha nyingine. Mwezi uliofuata hesabu ya siku mbili ikaisha kabla ya adhuhuri, na mganga mfawidhi akaanza kuniita fundi.

Nilipokuja huku kusomea shahada, kisha nikaajiriwa wodini, mchezo ukaendelea. Baada ya zamu nilijifundisha Python. Ilinipa moyo kujua kwamba lugha hiyo yenyewe ilianza kama kazi ya mapumziko: Guido van Rossum aliianza kwenye likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, kujishughulisha tu.

Programu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya kupiga hesabu ya matone ya dripu, ile tuliyokaririshwa chuoni: ujazo, mara matone ya kila mililita, gawanya kwa dakika. Huku pampu ndizo zinazofanya kazi hiyo mara nyingi, lakini mimi nilitaka mazoezi. Ilipendeza sana. Mwanafunzi niliyekuwa namwelekeza akaiona, akaomba nimwekee kwenye simu yake. Nikamwambia kesho.

Usiku huo, sijui nini kilinisukuma, nikaijaribu tena. Mililita 500, saa moja na nusu, matone 20 kwa mililita. Nikaandika muda kama mtu yeyote aliyechoka angeuandika: 1.30. Ikanijibu matone 128 kwa dakika. Jibu sahihi ni 111. Programu ilikuwa imesoma saa moja na sehemu tatu za kumi, yaani dakika 78, badala ya dakika 90. Nilikaa kitandani nikifikiria mzee mwenye moyo dhaifu, na dripu inayokimbia kuliko alivyoandika daktari, na aliyeifungulia ana uhakika kwa sababu kompyuta imesema. Kesho yake nikamwambia yule mwanafunzi hapana.

Kosa hilo ndilo lililonifungulia mlango. Nilianza kuuliza ni nani anayezuia mambo kama haya kwenye mifumo mikubwa, nikagundua kwamba Uingereza kuna viwango viwili vya usalama wa programu za tiba: DCB0129 kwa anayetengeneza, na DCB0160 kwa hospitali inayoitumia. Na vyote vinataka msimamizi wa usalama awe mhudumu wa afya aliyesajiliwa. Fundi wa kompyuta peke yake hatoshi. Lazima awepo mtu anayejua kwamba saa tisa usiku nesi huandika 1.30.

Kwa hiyo, binti yangu, kazi unayoiota haiko nje ya unesi.

Hospitali yetu ilikuwa inahamia kwenye kumbukumbu za wagonjwa za kielektroniki. Nikaomba siku moja kwa wiki kwenye mradi: kujaribu fomu, kuwafundisha wenzangu, kubishana na mafundi kuhusu kitufe kilichowekwa mahali pabaya. Baada ya miezi michache ikatangazwa nafasi ya kudumu, daraja moja juu ya langu.

Nikaiacha ipite. Wenzangu waliniona mjinga, lakini ngoja nikupigie hesabu. Muuguzi wa daraja langu hupata nyongeza ya asilimia 30 kwa saa za usiku na Jumamosi, na asilimia 60 Jumapili na sikukuu. Ofisini ni Jumatatu hadi Ijumaa, mchana, nyongeza hakuna. Daraja lingepanda na mfuko ungeshuka. Na mdogo wangu alikuwa chuoni Morogoro. Jumapili zangu zilikuwa ada yake.

Nilimweleza mama kwa simu. Akanyamaza, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Wamekufukuza?" Kwake nesi ni mtu wa sare na wodi. Nilimhakikishia kwamba sare bado ninayo.

Nafasi ilirudi baada ya mwaka. Safari hii mdogo wangu alikuwa amebakiza mihula miwili, nami nilikuwa nimeweka akiba kidogo. Nikaomba, nikapata. Mihula ile miwili niliimaliza kwa zamu za ziada, Jumapili mbili kila mwezi, na kusema kweli nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka wodini.

Wenye viza ya kazi, msisaini chochote kabla ya kumuuliza mwajiri anayewadhamini. Viza imefungwa kwa mwajiri na kwa aina ya kazi. Kazi ikihesabiwa ya aina nyingine, unaomba upya, hata kama jengo ni lile lile. Usajili wa unesi usiuache ukafa: tunatakiwa saa 450 za kazi kila miaka mitatu, na saa za ofisini zinahesabika ikiwa kazi inatumia ujuzi wa uuguzi. Na ukitaka kujifunza mfumo halisi bila kulipa, OpenMRS na DHIS2 ziko wazi kwa kila mtu. Ya kwanza ina mizizi yake Eldoret, tangu 2004. Ya pili inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na takwimu zile zile nilizokuwa nahesabu kwa kalamu sasa zinaingizwa humo.

Maliza chuo, binti yangu. Laptopu iache wazi, lakini maliza.

Jambo moja sikuambiwa, nami nakwambia. Tangu mchezo uwe mshahara, jioni sifungui tena laptopu. Nilikuwa naikimbilia baada ya zamu; sasa naikimbia. Nimenunua cherehani ya mitumba, nashona foronya zilizopinda.

Mama amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mimi ni nesi wa kompyuta. Wiki iliyopita amenipigia: nikija Desemba nimtengenezee simu yake, inazima yenyewe.