Kudumu Si Kunukia

Mwandishi aliyedai kwamba manukato ya mwanaume hupimwa kwa saa yanazodumu, na kwamba yale mepesi ni "maji ya bei", sidhani kama amewahi kupanda pikipiki kutoka Baraka, kando ya ziwa, kwenda Fizi, milimani, saa saba mchana. Mimi nimekaa nyuma ya dereva aliyejipulizia kitu kizito chenye utamu wa vanila. Kilidumu, kweli. Nilifika Fizi shingo imepinda, natafuta upepo.

Kudumu kunategemea sana wingi wa mafuta ya harufu ndani ya alkoholi. Eau de toilette huwa na takriban asilimia 5 hadi 15; eau de parfum huanzia hapo kwenda 20. Hizo ni nguvu, si uzuri. Joto la ziwani nalo huzidisha mvuke, hivyo mipulizo miwili ya Baraka yaweza kushinda mitano ya Ulaya wakati wa baridi.

Na huko kulinganisha kwake! Ati anusa vifuniko kumi mezani kwa mchuuzi. Kufika cha nne pua imechoka. Isitoshe, dakika za mwanzo ni alkoholi na limau, vinavyotangulia kuruka. Pulizia harufu mbili tu, kila mkono yake, kapite wanapoanika ndagala, kisha nusa tena adhuhuri.

Cool Water ya Davidoff, ya mwaka 1988, ameiita ya wazee. Haya, shikamoo naipokea. Ila jioni ya baridi kule milimani, vanila nzito ya mwandishi huyo naikubali, mradi asinikaribie sana.