Gitaa la Umeme Kutoka Ng'ambo na Kazi Iliyobaki

Anayeagiza gitaa la umeme kutoka ng'ambo hulinunua kabla hajaligusa. Huona picha, husoma jina lililoandikwa kichwani mwa shingo, hulinganisha bei, hutuma fedha, kisha hungoja. Kwa mpigaji wa Korogwe au Handeni fedha hizo aghalabu ni za kwaya nzima au za bendi changa, nazo zimekusanywa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Kasha likifunguliwa, kila mmoja aliyechanga hutaka kujua kama kilichomo kinastahili mchango wake. Swali hilo lina majibu yanayopimika, na ni ajabu kwamba mara nyingi huachiwa jina na rangi ya ala ndivyo vilijibu.

Zamani mzigo huu haukumwangukia mpigaji. Katika miaka ya 1960 na 1970 vyombo vya bendi nyingi za Tanzania vilikuwa mali ya vyama, mashirika au majeshi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mkoa wa Tanga nao ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ambazo magitaa yake yalisikika mbali kupita mipaka ya mkoa. Chombo kilipoharibika katika bendi ya shirika, hasara ilikuwa ya shirika. Leo kijana huagiza kwa simu yake ya mkononi, na hasara ni yake peke yake.

Wanunuzi wengi huamini kwamba ubora umo katika jina na bei. Imani hiyo ina nusu ya ukweli. Tangu viwanda vianze kukata mbao kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, shingo ya gitaa la bei ndogo na ile ya gitaa la bei kubwa zaweza kutoka zikiwa na vipimo vinavyokaribiana sana. Mashine haichoki, wala haijui bei itakayobandikwa. Kinachopunguzwa ili bei ishuke ni saa za mikono ya mtu: kusawazisha freti, kulainisha ncha zake, kuchonga mifuo ya nyuzi kwa kina kinachofaa, kukausha mbao kwa muda wa kutosha, kuchagua swichi na vikaza nyuzi visivyolegea baada ya mwaka. Kwa hiyo gitaa la bei ndogo, mara nyingi, ni gitaa ambalo halijamalizwa. Hoja ya makala haya ni kwamba lingefaa kumaliziwa Korogwe na Handeni kwenyewe, kwa ajili ya kuokoa fedha, na zaidi kwa ajili ya hewa.

Hata hivyo lipo kosa moja ambalo fundi hawezi kulisahihisha kwa gharama nafuu, nalo ni freti kuwekwa mahali pasipo pake. Freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, na nafasi zake hufuata kanuni: urefu wa uzi uliobaki hugawanywa kwa 17.817 ili kupata umbali wa freti inayofuata. Mafundi wa kale wa Ulaya walitumia 18. Vincenzo Galilei, babake mwanasayansi Galileo, aliieleza njia hiyo mwaka 1581. Tofauti yaonekana ndogo. Lakini kwenye uzi wa milimita 648, ambao ni urefu wa kawaida wa magitaa mengi ya umeme, kugawanya kwa 18 huisogeza freti ya 12 zaidi ya milimita 2 kutoka pale ipasapo kuwa, yaani katikati kabisa ya uzi.

Mnunuzi ahitaji rula ya chuma tu. Aanze kupima kwenye kizingiti cha juu, kile kipande chenye mifuo kinachozipokea nyuzi karibu na kichwa. Kwa uzi wa milimita 648, freti ya 1 iwe kwenye 36.4, ya 5 kwenye 162.5, ya 7 kwenye 215.5 na ya 12 kwenye 324. Gitaa likiwa na urefu mwingine, ya 5 itaangukia karibu sana na robo ya uzi, na ya 7 karibu sana na theluthi. Kosa la milimita moja kwenye freti ya 12 hupotosha sauti kwa sehemu ya ishirini hivi ya nusu-toni. Kosa hilohilo kwenye freti ya 19 hufikia karibu sehemu ya kumi na mbili, na sikio la mwalimu wa kwaya halitalivumilia. Gitaa la namna hiyo lirudishwe, hata liwe na jina kubwa namna gani.

Sasa juu ya hewa, ambayo wanunuzi huisahau kabisa. Mbao iliyokaushwa kiwandani hubaki na maji, pengine asilimia 8 ya uzito wake. Ikikaa muda mrefu katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kiasi hicho hupanda kuelekea asilimia 16. Rangi na vanishi hulichelewesha badiliko hilo, hazilizuii. Tena mbao haitanuki sawasawa pande zote: kwa urefu hubadilika kidogo mno, kwa upana mara nyingi zaidi. Shingo yenye upana wa milimita 55 yaweza kutanuka au kusinyaa kwa nusu milimita hivi, ilhali chuma cha freti kilichomo ndani yake kinabaki vilevile.

Korogwe iko katika bonde la Mto Pangani. Handeni, kilomita zipatazo 65 kutoka hapo, iko juu zaidi na ni kavu zaidi, hata mradi wake mkubwa wa maji ulijengwa kuyavuta kutoka mto huohuo upande wa Korogwe. Gitaa la bendi inayopiga harusi katika miji yote miwili husafiri baina ya hali hizo mwaka mzima. Masika ya Korogwe huitanua shingo. Kiangazi cha Handeni huifanya isinyae, na ncha za freti huchomoza kando kama meno ya msumeno, zikamchubua mpigaji vidole. Mwenye gitaa husema ameuziwa kitu kibovu. Kumbe ameuziwa kitu kilichomaliziwa kwa ajili ya hewa ya mahali pengine.

Hewa hiyohiyo huipinda shingo. Nyuzi sita za unene wa kawaida huivuta kwa nguvu ya kilo 45 hivi, na ufito wa chuma uliofichwa ndani yake ndio unaoshindana nazo. Kulipima pindo ni rahisi. Uzi mnene ubanwe kwenye freti ya 1 na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja. Uzi uliobanwa hivyo huwa mnyoofu kama rula, na nafasi iliyobaki chini yake karibu na freti ya 7 iwe kiasi cha milimita 0.2 hadi 0.3. Fundi wa pikipiki anavyo vibapa vya chuma vya kupimia nafasi ya valvu, navyo vinafaa kabisa kwa kazi hii. Ufito hukazwa robo mzunguko tu kwa siku, kisha mbao iachwe itulie. Ili kujua kama freti zimelingana, ukingo mnyoofu wa kadi ya benki ulazwe juu ya freti tatu jirani: ukibembea, ya katikati imeinuka.

Hapa pana ugumu. Wauzaji hutoa siku chache za kurudisha bidhaa, na mbao huhitaji wiki mbili au zaidi kuizoea hewa. Basi vipimo vya nafasi za freti, ambavyo havingoji hewa, vifanywe siku ileile kasha linapofunguliwa. Hukumu juu ya shingo na ncha za freti ingoje.

Kuhusu ubao mweusi wa shingo, mkazi wa Handeni ndiye hasa mwenye haki ya kucheka. Misitu ya miombo ya wilaya hiyo ni mojawapo ya mahali mpingo unapoota, mti ambao mbao yake huzama majini na ambao ng'ambo hutengenezewa klarineti na obo. Magitaa ya bei ndogo aghalabu huwa na mbao hafifu iliyopakwa rangi ili ifanane na weusi wa namna hiyo. Kitambaa cheupe kilichotiwa spiriti kikisuguliwa mahali pasipoonekana kitafichua siri. Mbao iliyopakwa rangi si lazima iwe mbovu, lakini muuzaji aliyeiita kwa jina lisilo lake amekwisha kujieleza.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Chini ya nyuzi kuna pikapu (jina lilelile la gari), yaani sumaku iliyozungushiwa maelfu ya duru za waya mwembamba wa shaba. Mita ya fundi redio ikiunganishwa nayo huonyesha kwa kawaida omu elfu kadhaa. Ikionyesha kwamba njia imekatika, waya umekatika. Mvumo unaosikika mpigaji anapoacha kupiga ni sauti ya gridi yenyewe, ile mizunguko 50 kwa sekunde itokayo kwenye mitambo kama ya Hale, wilayani Korogwe, iliyofunguliwa mwaka 1964. Pikapu ya koili mbili, aliyoibuni Seth Lover katika kampuni ya Gibson mwaka 1955, huufuta mvumo huo kwa sehemu kubwa. Jambo la hatari liko kwenye amplifaya. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutarajia volti 120, nayo soketi zetu hutoa 230. Zaidi ya hayo, nyuzi za gitaa huunganishwa na waya wa ardhi kupitia amplifaya. Ukumbi usio na waya wa ardhi ulio mzima waweza kumuua mpigaji anapogusa maikrofoni kwa mdomo. Kabla ya kujadili ubora wa gitaa, soketi ya ukumbi ipimwe.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kununua gitaa ghali mara moja. Lakini la ghali nalo litasinyaa Handeni kama jingine, na halitakuwa na fundi wa kulitazama. Kinachokosekana ni ufundi ulio karibu, nao hauko mbali na ule uliopo. Seremala anayejua kunyoosha ubao kwa randa anaweza kufundishwa kusawazisha freti kwa tupa katika wiki chache. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Handeni, na SIDO kwa mkoa mzima wa Tanga, wangeweza kuuingiza ufundi huo katika mafunzo ya useremala bila mitambo mipya: tupa, rula ya chuma, msasa, mita ya umeme, na kipimo cha unyevu hewani ambacho si ghali.

Wakati wa kazi hiyo nao uchaguliwe. Ncha za freti zikipigwa tupa Aprili, shingo ikiwa imetanuka, zitachomoza tena kiangazi kikifika. Zikipigwa tupa Agosti au Septemba, mbao ikiwa nyembamba kadiri itakavyowahi kuwa, hazitachomoza tena, na vuli inapoingia mbao hutanuka na kuzifunika.