Ana ‘cold feet’, wewe unamnunulia soksi!

Leo nimetua kwenye kimombo, maana kinawaumbua watu, hasa kwenye mapenzi.

Kuna dada mmoja mtaani kwetu, jina kapuni. Mchumba wake, mtoto wa kishua, kamwandikia kuwa ana “cold feet”. Bibie huyooo mitumbani, kamnunulia soksi za sufu! Kumbe mwenzie alikuwa anamwambia kaingiwa na woga, ndoa inamtia kiwewe. Na kadi za michango zilishagawiwa! Angejua mapema wangekaa chini wakaongea kabla ukumbi haujalipiwa.

Mzungu akishagusa viungo vya mwili, usitafsiri neno moja moja, utapotea. Akikwambia “you're pulling my leg”, hujamvuta mguu, anasema unamtania. Kitu kikiuzwa “an arm and a leg” ni bei mbaya tu, hakuna anayekatwa mkono. Bahili wao kakunja ngumi, “tight-fisted”, wetu ana mkono wa birika. Si yale yale?

Ninaoupenda mie ni ule wa kuvaa moyo kwenye mkono wa shati, yaani mtu asiyeficha hisia zake. Mabinti wanaupenda huo! Ila kaeni chonjo. Kwenye Othello, tamthiliya ya Shakespeare ya mwanzoni mwa miaka ya 1600, anayeutamka ni Iago, yule mzushi aliyeivuruga ndoa ya bosi wake. Tena anautamka kusema kwamba yeye moyo wake hauoneshi ng'o!

Haya, tukutane wiki ijayo.