Kitenge kikichuja kwenye blanketi la mtoto, usikimbilie pasi wala jiki

Msomaji mmoja wa ukurasa huu, mama wa mtoto wa miezi minane, ameniandikia ujumbe ambao naamini wengi mtajiona ndani yake. Mama yake mzazi alifariki mwaka jana akaacha sanduku la khanga. Yeye akachagua chache, akazikata vipande na kumshonea mwanawe blanketi, lile ambalo wazee wa pwani huliita mfarishi: juu vipande vya khanga vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana ya shuka jeupe. Khanga hazikutosha kuzunguka pembeni, kwa hiyo akanunua kitenge kipya chekundu cha kumalizia. Akalifua mara ya kwanza, akalianika. Jioni alipolitoa kambani akakuta wekundu umeingia kwenye bitana yote ya pembeni, na madoa ya waridi yamefika hadi katikati.

"Nimeambiwa niloweke kwenye chumvi na siki," anaandika. "Jirani ananiambia nitie jiki. Dada yangu anasema nifumue tu. Nifanye nini? Khanga zile sitazipata tena."

Nilimjibu kwa kifupi siku ileile: usipige pasi, usitie jiki, usifumue, lirudishe majini. Leo nieleze kwa kirefu, kwa sababu ujumbe wa aina hii huniijia kila msimu wa sikukuu na kila shule zinapofungua.

Tuanze na kitu kinachowachanganya wengi. Nguo kupauka na nguo kuchuja si jambo moja. Kupauka ni rangi kufifia kidogo kidogo kwa jua na kwa kufuliwa, na hasara ni ya nguo yenyewe. Kuchuja ni rangi kutoka kwenye kitambaa na kuhamia kwa jirani. Kitambaa kinachochuja mara nyingi hakina rangi mbovu. Kina rangi ya ziada ambayo haikushikana na uzi. Kiwandani au kwenye pipa la mtia rangi, pamba hunyweshwa rangi nyingi kuliko inavyoweza kushika, hasa nyekundu, nyeusi, zambarau na bluu iliyokoza. Ile iliyoshikana hukaa. Ile iliyobaki juu juu ilitakiwa isuuzwe kwa maji ya moto mara kadhaa kabla kitambaa hakijakunjwa na kupelekwa sokoni. Kusuuza kunakula maji, kuni au umeme, na muda. Pale watu wanapobana gharama, kazi hiyo unaachiwa wewe na beseni lako.

Rangi zenyewe zinatofautiana. Mwaka 1956 kampuni ya Uingereza iitwayo ICI ilianza kuuza rangi za Procion, ambazo zilikuwa za kwanza za aina yake: zinaungana na uzi wa pamba wenyewe, si kuukalia tu. Rangi za namna hiyo zikisuuzwa vizuri haziendi popote. Nili, ile ya kaniki na ya jinzi, haina muungano huo. Inakaa ndani na juu ya uzi bila kufungwa, ndiyo maana jinzi mpya inaacha bluu kwenye kochi jeupe hata ikiwa kavu.

Sasa rudi kwenye blanketi la msomaji wetu. Watuhumiwa wa kwanza wangekuwa khanga, kwa kuwa ndizo zenye rangi nyingi. Mimi nasema khanga hazina kosa. Zimevaliwa na kufuliwa miaka, rangi yake ya ziada ilikwisha kumwagwa uani zamani. Mwenye kosa ni yule mgeni mwekundu wa pembeni ambaye hakuwahi kuona maji kabla ya kushonwa. Nguo za kuunga vipande huharibika hivi mara nyingi: kipya kimoja kinawekwa katikati ya vikuukuu kumi, na kwa sababu vile kumi havijawahi kuchuja, hakuna anayekishuku kile kimoja.

Kuhusu chumvi na siki, najua nitawaudhi baadhi ya shangazi zetu. Imani hii ina asili yake. Watia rangi ya pamba hutumia chumvi kweli, lakini wakati wa kutia rangi: inasaidia rangi itoke kwenye maji na kuingia kwenye uzi, kisha magadi soda ndiyo yanayoifunga. Chumvi peke yake haifungi chochote, na ukisuuza inaondoka na maji. Siki nayo ni ya rangi za sufu na hariri, ambazo zinahitaji uchachu ili zishike. Kwenye pamba haishikishi rangi. Inachoweza kufanya ni kuondoa masalia ya sabuni, kitambaa kikaonekana kimeng'aa kidogo, na hapo ndipo watu husema "unaona, imeshika".

Jiki ni hatari zaidi. Itakula wekundu, ndiyo, na itakula khanga za bibi pia, kisha itaacha uzi umechoka. Na kuna la kuogopesha kuliko nguo: jiki ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Wapo wanaotia siki, wakiona haikusaidia wanaongeza jiki kwenye beseni lilelile, ndani ya bafu lililofungwa, mtoto mgongoni. Tafadhali, usifanye hivyo hata siku moja.

Kinachosaidia ni maji mengi, ya moto, yenye sabuni, na muda mrefu. Rangi iliyohamia kwenye bitana nyeupe kwa kawaida haijafungwa pale, imekaa tu. Ukiipa maji mengi itoke na sabuni ya kuielea, haitarudi. Ukiipa maji machache, itazunguka humo humo na kutua tena mahali pengine. Kosa la kufua kwa maji kidogo ndilo linalogeuza doa dogo kuwa msiba.

Blanketi la mtoto la mita moja kwa mita moja linataka angalau madumu mawili ya lita 20. Najua maji ya kununua yana bei yake, lakini hapa usibane, ni bora usubiri siku ya mvua au zamu ya maji ya mtaa. Tumia beseni kubwa kabisa ulilonalo au pipa safi. Changanya maji yaliyochemka na ya bomba nusu kwa nusu, utapata joto la nyuzi 60 hivi, joto ambalo mkono hauwezi kuvumilia. Kwa hiyo fanya kazi hii mtoto akiwa amelala au yuko kwa mtu mwingine, na chumba kifungwe. Mtoto wa miezi minane anatambaa, anajishikilia ukingoni, na beseni la maji moto sakafuni halimpi nafasi ya pili.

Koroga sabuni ya unga isiyo na dawa ya kung'arisha, au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mpaka iyeyuke yote. Sabuni ya mche siipendekezi, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kwa sababu huganda na kuacha utando. Zamisha blanketi lote. Nasema lote: kona ikibaki nje ya maji, rangi hupanda kwenye kona hiyo kama mafuta kwenye utambi na kukaukia pale, nawe utakuwa umetengeneza mstari mpya mwekundu. Weka juu sahani nzito au chupa za plastiki zilizojazwa maji ili lisielee. Kisha liache usiku kucha, saa 12 hivi. Usilisugue, usilipige.

Asubuhi chota maji yake kwenye glasi, uiweke mbele ya karatasi nyeupe. Yakiwa mekundu, mwaga na urudie upya na maji ya moto mengine. Mara mbili au tatu ni kawaida. Usikate tamaa kwa sababu maji ya kwanza yametisha, wekundu ule ulio kwenye beseni hauko tena kwenye blanketi. Utasimama pale glasi itakapokuwa na maji yanayokaribia kuwa meupe baada ya saa nyingi za kuloweka.

Lilipokwisha kukauka kama la msomaji wetu, bado lina nafasi nzuri, ila litachukua muda zaidi. Lililopigwa pasi ni gumu kuliokoa. Na kama baada ya raundi tatu wekundu bado unatoka kwa nguvu uleule, basi hapo nakubaliana na dada yake kidogo: afumue ule upindo mwekundu peke yake, vipande vya khanga abaki navyo vilivyo.

Kulitoa kunataka mikono miwili chini yake, maana blanketi la pamba likinywa maji lina uzito wa kukata mishono. Likamulie kwenye taulo kuukuu. Usilikunje likiwa bichi, hata kwa dakika kumi ukisubiri kamba ipatikane, kwa kuwa wekundu uliokunjiwa juu ya weupe ukiwa na unyevu utahamia bila maji yoyote ya ziada. Litandaze kivulini penye upepo, tandiko lisigusane lenyewe.

Haya yote yangeepukwa kwa kikombe cha chai. Kabla hujakata kitambaa kipya chenye rangi kali, kata kijipande cha ukubwa wa kidole gumba, kitie kwenye kikombe cheupe chenye maji ya moto na tone la sabuni ya maji, ukiache nusu saa. Ukiona maji yamebadilika rangi, usikitupe kitambaa bado. Kitoe kijipande kikiwa kibichi, kilaze juu ya kitambaa cheupe cha pamba, na kiachwe kikaukie hapo. Swali la maana ni kama kimemtia rangi jirani. Viwanda vikubwa hupima kwa namna inayofanana na hii: katika viwango vya kimataifa vya ISO 105, kitambaa cheupe huwekwa pamoja na cha rangi na kupimwa dhidi ya kufuliwa, jasho na msuguano, kisha doa hupewa alama kuanzia 1, mbaya kabisa, hadi 5. Sisi nyumbani alama zetu ni mbili tu, kimeacha au hakijaacha.

Kikiacha, kifue peke yake kwa maji ya moto na sabuni, mara nyingi kadiri itakavyohitajika, mpaka kijipande kingine kitoke safi. Pitisha kwanza mshono kwenye kingo zilizokatwa zisifumuke. Utapata na faida ya pili: pamba hurudi inapofuliwa kwa mara ya kwanza, na ni heri irudi kabla ya kushonwa kuliko baada, blanketi likajikunyata upande mmoja. Wanga wa dukani utatoka pia, kitambaa kitalegea, ila pasi itakirudishia unyoofu. Batiki na vikoi vilivyotiwa rangi kwa mkono vipe raundi za ziada hata kama muuzaji ameapa kwamba havichuji. Muuzaji huyo hafui.

Kwa mtoto mchanga kuna sababu nyingine ya kufanya hivi. Blanketi lake halikutani na maji ya kufulia peke yake. Analinyonya, analitolea jasho, analicheulia. Unyevu wowote wa joto unatoa rangi isiyoshika, na inaishia mdomoni na shingoni mwake. Kila kitu kipya cha rangi kifuliwe kabla hakijamgusa.

Wa shule nao wana yao. Jumapili usiku mashati meupe yanalowekwa pamoja na khanga mpya ya mama ili kubana maji, na Jumatatu mtoto anaingia darasani na shati la waridi. Tatizo kubwa hapo ni kuloweka usiku kucha pamoja, kwenye maji machache yaliyopoa. Kama ni lazima maji yatumike mara mbili, anza na meupe, kisha maji hayohayo yaende kwenye rangi, kamwe si kinyume chake. Shati lililokwisha kuharibika lifanyie kama blanketi: maji ya moto mengi, sabuni, usiku kucha, peke yake.

Wale mnaookota mabaki kwa fundi cherehani kwa ajili ya kuunga, mabaki hayo yametoka kwenye vitambaa vya watu ishirini na hakuna ajuaye kipi kimefuliwa. Vipange vikombe dirishani, kipande kimoja kwa kila kikombe, vyekundu na vyeusi kwanza. Na mwambie fundi asivipige pasi kwa mvuke vikiwa vimelaliana kabla hujavijaribu.